Kioo Kinasema N

Asubuhi ile ya mwisho Mama Namba aliamka na hasira, kama kawaida yake. Alitafuta miwani chini ya mto, juu ya kabati, hata ndani ya viatu vya mumewe, na kila alipoikosa alimlaumu mumewe. Miwani ilikuwa kichwani pake, juu ya kilemba.

"Umeniona nahangaika, umenyamaza."

"Hukuniuliza."

"Mtu mpaka aulizwe! Wewe ukiona nyumba inaungua utasubiri uulizwe."

Mumewe alikuwa mshona viatu. Maneno yake yalikuwa machache kwa sababu kutwa nzima midomo yake ilikuwa imebana uzi. Mkono mmoja wa ile miwani ulivunjika zamani, akaushona kwa uzi wa viatu, akaupaka nta, na haukulegea tena. Mkewe hakumshukuru. Alisema tu kwamba uzi unamkwaruza sikio.

Chai alipika mzee huyo. Vidole vya Mama Namba siku hizi vilitetemeka asubuhi mpaka jua lipande, na siku aliyoangusha sufuria mumewe alikwenda jikoni kesho yake bila kusema kitu, naye hakuuliza. Tangu hapo kila chai ilikuwa na dosari. Leo sukari, kesho majani, siku nyingine kikombe chenyewe.

"Hii ni chai au maji ya kuoshea miguu?"

Mzee alimwangalia akiinywa mpaka mwisho, akimimina tena, akiinywa na hiyo. Kisha Mama Namba akasimama, akavaa aproni yake ya buluu yenye mfuko mpana mbele, akachukua funguo.

"Nakwenda kwenye ile pikipiki ya mikate," alisema. "Kioo kinaruka namba. Nikimpata aliyeniletea balaa hili nitamng'oa masikio."

Wote wawili walijua ni nani. Alikuwa mdogo wake Mama Namba.

Banda la pikipiki lilikuwa la baba yao. Baba huyo alikuwa fundi wa kila kitu, na alipoanza kuchoka aligawa kazi: mwanawe wa kiume akampa injini, binti akampa umeme. Huyo wa kiume, aliyekuwa mdogo, watu walimwita Pistoni. Binti alijifunza nyaya akiwa bado anavaa sare ya shule, akaiacha shule, hakuacha nyaya. Akawa anajua pikipiki inaumwa wapi kwa kuisikiliza honi tu.

Baba yao alipofariki, Pistoni alibadilisha kufuli la banda. Hakumwambia mtu. Dada yake alifika asubuhi, akaliona kufuli jipya, akarudi nyumbani kuchukua msumeno wa chuma, akalikata mbele ya wateja huku akipiga mluzi. Pistoni akatamka mbele ya wateja hao hao kwamba dada yake ana mikono ya mwizi. Basi, yakaisha hapo. Mama Namba alinunua kopo la rangi nyeupe, akachora mstari sakafuni kuanzia mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Kulia injini, kushoto nyaya. Hawakusemezana tena.

Lakini kazi iliwalazimisha kuambizana mambo, kwa hiyo waliambizana kupitia kwa mshona viatu.

"Shemeji, mwambie mkeo betri yake imevuka mstari."

"Mwambie ndugu yangu kwamba betri haina miguu. Kama imevuka, imevukishwa."

Wamesimama hatua chache tu, kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri, na mzee yuko katikati na kiatu cha mtu mkononi. Asipokuwepo, walimtumia mteja. Mteja asipokuwepo, waliuambia ukuta.

Huyo ndiye mwanamke ambaye mshona viatu alimuoa. Walikutana kwa ugomvi. Alileta ndala ya ngozi kushonwa, akaigeuza, akasema, "Mshono huu umelewa." Mshona viatu akaufumua, akaushona upya. Siku chache baadaye akarudi na kosa jingine, na jingine tena. Kisha ikafika siku ndala haikuwa na kosa lolote, naye akaja hivyo hivyo, akasimama mbele ya kibanda, akaigeuza na kuigeuza, akakosa la kusema. Hapo ndipo mshona viatu alipojua.

Jina la Mama Namba alilipata kwa kazi yake. Pikipiki nyingi sasa zina kioo kidogo mbele kinachoonyesha gia: moja, mbili, tatu, na kuendelea, na N ikiwa haipo kwenye gia yoyote. Vioo hivyo huharibika. Wengine wakivitengeneza huwasha, huzima, huchukua chao, na safari njema. Yeye hakumwachia mtu pikipiki namna hiyo. Aliisimamisha kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma likining'inia, akawasha injini, kava ya ubavuni ikiwa bado wazi. Mwenye pikipiki alipanda, akatakiwa kutazama mabati ya paa, abadilishe gia kwa mguu na kuita kwa sauti. Mama Namba alichuchumaa mbele na macho yake kwenye kioo.

"Nyutro!"

"Endelea."

"Moja!"

"Endelea. Usitazame chini, nakuona."

Kupanda hadi gia ya mwisho, kisha kushuka. Mdomo na kioo vikitofautiana hata mara moja, mteja anashuka na kazi inaanza upya. Vikikubaliana mpaka mwisho, ndipo alipotia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa bolti za kava, akaifunga mwenyewe. Bolti zilikaa mfukoni kwa sababu kuna mteja mwenye haraka aliwahi kufunga kava mwenyewe na kuondoka Mama Namba alipogeuka kidogo tu.

"Bolti ninazo mimi," alikuwa akisema. "Anayetaka kufunga aje azitoe humu."

Hakuna aliyethubutu.

Asubuhi ile mzee alimfuata bandani kumpelekea kitambaa alichokisahau. Alimkuta amefungua ubavu wa pikipiki ya mikate, ameinamisha uso mpaka pua inakaribia injini. Nyuma ya ile kava, karibu na cheni, ndipo inapokaa swichi ya gia. Ni kitu kidogo, cha kujaa kiganjani. Ndani yake mna kipini kinachosukumwa na springi, na kila gia ikiingia kipini hugusa mahali pake na waya wake hupeleka habari kwenye kioo. Mama Namba alitoa springi kwa ncha ya koleo, akaiinua kwenye mwanga.

Kisha akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri.

"Mume wangu, njoo uone. Unaijua hii?"

Mzee aliitazama. Ilikuwa nyembamba, imekatwa upande mmoja.

"Ni ya kalamu," alisema.

"Ya kalamu ya wino! Mwambie ndugu yangu nimeiona kalamu yake. Mwambie alipofungua injini hii akapoteza springi, angesema. Mwambie pikipiki haiandiki barua."

Upande wa pili wa mstari Pistoni hakuinua kichwa. "Shemeji, mwambie mkeo ile springi imefanya kazi tangu nilipoiweka, na haijamwua mtu."

"Mwambie haijamwua mtu kwa sababu huyo mtu bado yuko nyumbani anapakia mikate."

Mzee aliweka kitambaa kwenye kiti, akaondoka. Alikuwa amechoka kuwa barabara ya kupitisha matusi. Alikwenda dukani kununua uzi. Aliporudi kwenye kibanda chake alikuta watu wanamtafuta.

Mama Namba alikuwa ameanguka. Pistoni peke yake alikuwepo. Walimpakia kwenye gari la jirani, na alipofika kwa madaktari alikuwa ameshafumba macho. Jioni akafariki.

Mzee aliuliza jambo moja tu. Aliliuliza hospitalini, akaliuliza tena njiani, akaliuliza makaburini udongo ukiwa bado mbichi.

"Alisema kitu?"

"Hapana, shemeji," Pistoni alijibu kila mara akitazama pembeni. "Alianguka tu."

Wanawake waliomwosha walimkabidhi mzee nguo zake. Aproni ilikuwa nzito. Mfukoni mlikuwa na kipande cha tepu nyeusi, koleo dogo, na bolti za kava, nyeusi kwa mafuta ya zamani. Aliziweka kwenye dirisha la jikoni, kando ya kiberiti. Hakuwaza kitu. Siku zile hakuwa anawaza.

Msiba ulikuwa bado haujavunjika muuza mikate alipoingia uani. Alikuwa anatembelea fimbo. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji hadi chini ya goti. Watu walisogea wakidhani amekuja kutoa pole.

"Mimi sikuja kulia," alisema. "Nimekuja kuonyesha mguu wangu. Mzee, utazame."

Mzee aliutazama.

"Hii ni kazi ya mkeo. Kioo kinasema N. Kweupe kabisa, N! Nikaachia klachi, pikipiki ikaruka nami mpaka ukutani. Ilikuwa kwenye gia! Mikate yote chini, na mguu ukasagwa kati ya chuma na tofali. Mnamsifu hapa fundi, fundi. Fundi gani?"

Mtu mmoja alimwambia, "Ndugu, pana msiba hapa."

"Nami nusura niwe msiba! Au mimi ningekuwa mzoga tu?"

Mzee alimtafuta Pistoni kwa macho. Pistoni alikuwa amekaa kwenye benchi la wanaume. Angeweza kusimama. Angeweza hata kuhamaki, kwa kuwa anayetukanwa ni dada yake. Badala yake alisugua magoti yake, akasema polepole, kwa sauti ya mtu mwenye huruma:

"Msimlaumu marehemu. Macho yalikuwa yamepungua, na mikono nayo. Sote tuliona. Mimi nilikuwa nasema siku nyingi, ule upande wa nyaya sasa upate mtu mwingine."

Watu wakatikisa vichwa. Wakakubaliana. Kufika jioni ilikuwa imeshakuwa habari: Mama Namba alizeeka kazini, akaharibu pikipiki ya mtu, akamvunja mguu. Wale wale walioita namba mbele yake miaka yote sasa walikumbuka taa zao zilizowahi kupepesa. Na Pistoni alikuwa ameshaonekana bandani akifuta ule mstari mweupe kwa petroli.

Kilichomuuma mzee hakikuwa maneno ya Pistoni. Kilichomuuma ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na uhakika. Yeye ndiye aliyeshona ile miwani. Yeye ndiye aliyepika chai kwa sababu ya vile vidole. Alikuwa amemwona mkewe akitia waya kwenye plagi na kuukosa, na kuukosa tena, na kuitukana plagi. Itakuwaje kama ni kweli? Alijilaza na wazo hilo, akaamka nalo, limekaa kifuani kama kiatu kibovu ambacho mwenyewe hajaja kukichukua.

Asubuhi alinyoosha mkono dirishani kuchukua kiberiti, vidole vikagusa bolti.

Akasimama hivyo hivyo. Bolti za kava zipo hapa. Pikipiki ilitoka bandani, ikaenda barabarani, ikaruka ukutani. Ilitembea na kava wazi? Muuza mikate angeona cheni ikizunguka nje.

Alizima jiko, akatia bolti mfukoni. Lakini hakufurahi bado. Bolti zingesema nani alifunga kava. Hazingesema kosa lenyewe ni la nani. Kama waya wa ndani uliunganishwa vibaya, basi uliunganishwa na mkewe, na aliyefunga kava alifunga tu.

Alimpitia muuza mikate nyumbani kwake.

"Twende bandani," alisema.

"Kufanya nini? Unilipe?"

"Uone."

"Nimeshaona vya kutosha, mzee. Niliuona ukuta."

"Twende."

Pikipiki ilikuwa imerudishwa bandani baada ya ajali, taa ya mbele imepasuka, kreti ya mikate bado imefungwa nyuma. Pistoni alikuwa ameshahamishia matairi yake upande wa kushoto. Mstari ulibaki kama kovu. Alipowaona aliweka spana chini.

"Shemeji. Ungekaa nyumbani. Watu wanakuja kukupa pole, wanakukosa."

Mzee alipita kati ya matairi, akaisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati. Akainama kwenye ubavu, akatazama kava. Ilikuwa imefungwa. Bolti zilikuwa mpya, zinang'aa.

Akazipapasa kwa kidole gumba.

"Funguo," alimwambia muuza mikate.

"Shemeji, hiyo si ngozi ya kiatu," Pistoni alisema. "Hapo hutumii sindano."

"Mwache," muuza mikate alisema. "Mguu ni wangu. Nataka nione."

Mzee hakujua umeme. Lakini alikuwa amesimama na tochi nyuma ya mkewe muda mrefu kuliko alivyoweza kukumbuka, na mkewe alikuwa mtu wa kuongea na kazi yake. Alijua aanze wapi. Alisikia hata yale matusi. Shika taa vizuri, wewe, unamulika sikio langu au waya?

Alibonyeza gia kwa mkono, akizungusha gurudumu taratibu mpaka akasikia ya pili imeingia. Gurudumu likawa zito. Akawasha funguo. Kioo kikasema N.

"Si unaona!" muuza mikate alipiga fimbo sakafuni. "Mwongo mkubwa!"

Mzee aliinua kiti, akafuata nyaya kwa kidole mpaka kwenye plagi inayotoka kwenye swichi ya gia. Akaichomoa. N ikazimika, kioo kikabaki kitupu. Basi kioo ni kizima, kinasema kinachoambiwa. Akaichomeka tena. N ikarudi. Uongo unatoka chini.

Alichukua spana kwenye upande wa mkewe, ikiwa bado imening'inia kwenye msumari wake. Funguo aliziacha zikiwa zimewashwa. Akaanza kulegeza bolti za kava. Zilikuwa zimekazwa kwa nguvu za mtu mwenye hasira au haraka. Ya kwanza ikatoka. N. Ya pili. N. Pistoni alikuwa ameacha kufuta mikono, kitambaa kimetulia kiganjani.

Bolti ya mwisho ilipolegea, kava ilisogea kidogo kama mtu anayejigeuza usingizini. N ikazimika. Kioo kikaandika 2.

"Heh!" alisema muuza mikate.

Mzee aliisukuma kava kwa kiganja. N. Akaiachia. 2. Akaisukuma tena. N. Kisha akaiondoa kabisa, akamulika ndani. Chini kuna mfereji mwembamba ambamo nyaya hupitishwa ili zisiguswe. Nyaya nyingine zilikuwa chini yake hivi hivi, zinaning'inia, hazijapangwa. Mmoja ulikuwa umelalia ukingo wa injini, umebanwa na kava mpaka ngozi yake ikapasuka na shaba ikaonekana. Huo ndio uliokuwa ukigusa chuma kutwa nzima na kukiambia kioo: N, N, N.

Akaitazama swichi yenyewe. Springi ilikuwa mpya, nene. Kila waya ulikuwa mahali pake, umekazwa, umefutwa. Kazi ya mkewe ilikuwa safi. Ilikuwa haijaisha tu.

"Haya," Pistoni alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Waya umebanwa. Umejionea mwenyewe. Macho, shemeji. Hakuuona. Wewe ndiye uliyemshonea ile miwani, unajua kuliko mimi."

Mzee alitia mkono mfukoni. Akapanga bolti juu ya kiti cha pikipiki, moja kando ya nyingine. Nyeusi. Kando yake akaweka zile zinazong'aa.

"Hizi zilikuwa kwenye aproni yake," alisema. "Wanawake waliomwosha walinipa."

Muuza mikate aliangalia bolti. Akamwangalia Pistoni. Aliwahi kuita namba mbele ya Mama Namba, na alijua bolti zile hutoka wapi na hutoka lini.

"Wewe ndiye uliyenikabidhi pikipiki," alisema taratibu. "Ulisema, 'Dada ameimaliza, chukua.' Nikakuuliza, 'Mbona sijaita namba?' Ukasema, 'Utamwitia nani, maiti?'"

"Ulikuwa unapiga kelele hapa unataka pikipiki! Mtu hajazikwa, wewe mikate, mikate!"

"Nilitaka pikipiki. Sikutaka ukuta!"

"Ungeangalia kabla ya kuachia klachi!"

"Niliangalia! Kilisema N!"

Muuza mikate aliinua fimbo. Mzee alimwona akiinua, na hakumzuia. Fimbo ilitua kwenye tairi, karibu kabisa na goti la Pistoni, na vumbi likaruka. Pistoni hakukwepa. Alibaki anatazama zile bolti nyeusi.

"Umenivunja mguu," muuza mikate alisema, "kisha ukakaa msibani ukanisikiliza nikimtukana maiti. Na ukaniunga mkono. Wewe si mtu."

"Panda," mzee alimwambia.

"Nini?"

"Panda uite."

Alikata kipande cha tepu nyeusi, ile iliyotoka kwenye aproni, akaufunga waya uliopasuka. Vidole vyake vilijua kufunga. Akazipanga nyaya kwenye mfereji wake, moja moja, zikalala. Muuza mikate alipanda kwa shida, mguu mbovu pembeni, mzima kwenye gia. Injini ikanguruma, gurudumu likazunguka hewani. Bila kuambiwa, akatazama mabati.

Mzee alichuchumaa mbele ya kioo. Kusoma hakujua, ila namba alizijua kwa sababu ya viatu, na ile N kwa sababu ya mkewe.

"Nyutro!"

"Endelea."

"Moja!"

"Endelea."

Akapanda mpaka juu, akashuka mpaka chini. Mdomo na kioo havikutofautiana hata mara moja. Wapita njia wawili walisimama mlangoni, wakasikia, wakaondoka kimya. Hao nao wangekuwa na habari ya kupeleka. Mzee alichukua bolti za mkewe, akafunga kava. Zile zinazong'aa akazitupa upande wa kulia, zikaviringika chini ya meza ya Pistoni.

Muuza mikate alizima injini. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa namna hiyo. Alisema tu, "Nitawaambia." Akaisukuma pikipiki nje akichechemea, amekataa kusaidiwa.

Wakabaki wawili, yeye na Pistoni.

Pistoni alikuwa ameketi kwenye tairi, upande wa dada yake. Labda hakutambua. Mzee alisimama mlangoni, amezuia mwanga.

"Nilitaka kazi yake ya mwisho itoke," Pistoni alisema. "Imekaa hapo wazi kama mdomo wa mtu. Kila nikiingia inanitazama. Nikafunga. Nimefunga kava nyingi maishani, shemeji. Sikujua waya umetoka."

"Kisha ukasema ni macho yake."

"Ungefanya nini wewe? Mbele ya watu wote wale?"

Haikuwa kazi ya mzee kumjibu hilo.

"Ulikuwa naye," alisema. "Alisema nini?"

"Nimeshakwambia, alianguka..."

"Alisema nini?"

Pistoni alijifuta uso kwa kile kitambaa chenye mafuta. Uso ukabaki na mistari. Nyuma yake injini moja ilikuwa ikidondosha mafuta kwenye bakuli.

"Alinisemesha," alisema. "Mimi. Bila kukutumia wewe, bila ukuta. Mara ya kwanza tangu kufuli lile. Nikaja mbio, nikamwinua kichwa, akanishika ukosi wa shati."

"Na ukanyamaza. Hospitalini. Makaburini. Nimekuuliza."

"Ningekwambia nusu, ungetaka na nusu nyingine! Nusu ilikuwa yako, nusu yangu. Nami ile yangu nilikuwa nimeshaifanya kinyume."

"Iseme."

"Shemeji..."

"Yote. Kama alivyoisema."

Pistoni aliinamisha kichwa. Alipoanza, sauti haikuwa yake. Alikuwa anaiga ya dada yake bila kukusudia, ile ile kali, yenye haraka, ya mtu asiyetaka kupotezewa muda.

"'Wewe, kava usiifunge, mwenyewe hajaita namba. Na yule mzee mwambie chai ya leo ilikuwa nzuri, ila asivimbe kichwa.'"